Nyumba njema si mlango, lakini mgeni huanzia hapo

Na Mwandishi Wetu

Shangazi alifika kutoka Muheza Ijumaa moja jioni. Mkoba mkononi, mwavuli kwapani, na nyuma yake kijana wa bodaboda kabeba kiroba cha machungwa. Akapiga hodi. Nikaitikia "Karibu!" kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, nikafungua mlango, nao ukafunguka nusu, ukagota kwenye baiskeli ya mwanangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Sasa nipite wapi?"

Aliuliza kwa haki. Mbele yake kulikuwa na kijia cha upana wa futi nne, na ndani yake nilikuwa nimejaza kila kisichokuwa na pa kwenda: viatu vya watu wanne vimetapakaa sakafuni, madumu mawili ya maji ya lita 20, mtungi wa gesi uliokwisha, fagio, na koti la mvua lililoning'inia kwenye msumari juu ya mita ya LUKU. Kijana wa bodaboda alijaribu kupitisha kiroba kwa ubavu. Kikanasa kwenye usukani wa baiskeli, kikachanika. Machungwa yakaviringika mpaka chini ya kochi la sebuleni.

Tulipomaliza kuyaokota, shangazi alikaa, akanywa maji, kisha akasema kwa upole ule unaouma kuliko kufokewa: "Baba, karibu yako ipo mdomoni. Mlangoni haipo."

Nilijitetea kwamba nyumba ni ndogo, kwamba mwenye nyumba ndiye aliyeijenga hivyo, na kwamba kodi ya kubwa zaidi siiwezi. Shangazi akaendelea kumenya chungwa lake. Nyumba aliyokulia ilikuwa ya miti na udongo, mlango wake mfupi hata babu alikuwa akiinama kuingia, na mpaka leo watu wa kijijini humtaja bibi kwa jinsi alivyojua kupokea wageni. Kwa hiyo ufinyu haukuwa utetezi.

Methali inasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tunaitumia kumwonya mtu asidanganywe na sura ya nje. Lakini tazama ukaidi wa watu wa pwani: wenye methali hiyo ndio hao hao waliomwaga mali kwenye milango. Pita Mji Mkongwe wa Zanzibar uone miimo iliyochongwa mnyororo toka juu hadi chini, samaki na maua yakipanda pembeni, mfaa wa katikati usio na hata inchi moja iliyoachwa wazi, na misumari ya shaba iliyochomoza kwenye mbao. Watalii huupiga picha mlango huo wakaondoka. Sisi wenyeji tungefaa kutazama kilicho mbele yake na kilicho nyuma yake, kwa maana hapo ndipo karibu ilipojengwa: baraza la kukalia upande wa nje, na upande wa ndani mahali palipotengwa kwa ajili ya mtu anayeingia.

Dakika ya kwanza ya mgeni

Mfuatilie mgeni kwa dakika moja tangu aitikiwe hodi. Kwanza husimama, maana ametoka juani na macho hayajazoea kiza cha ndani. Pili huvua viatu, na kama ni mtu mzima hutafuta pa kushika. Tatu huweka chini alichobeba, kwa sababu kwetu mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Nne hutazama aelekee wapi. Mambo manne, na katika nyumba zetu nyingi yote hufanyika juu ya kigae kimoja.

Chukua futi upime. Mtu mwenye mzigo anahitaji kama sentimita 90 ili apite bila kujipinda. Kiatu cha mtu mzima kina urefu wa karibu sentimita 30. Kijia changu cha futi nne ni kama sentimita 120. Viatu vikipangwa upande mmoja, njia ya sentimita 90 inabaki pale pale bila kubomoa tofali. Vikitapakaa, njia haipo kabisa. Hesabu hiyo niliifanya usiku ule baada ya shangazi kulala, nikaona aibu yangu ilivyokuwa ya senti.

Lakini kupanga viatu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni jicho, kwa sababu mtu huanza kubanwa machoni kabla hajabanwa mabegani. Hapo wajenzi wa zamani wana la kutufundisha, nao wana skuli mbili. Nitaziita ya Lamu na ya Magomeni. Kabla hujanunua hata msumari, jua mlango wako unahitaji ipi.

Lamu walikata kona

Nyumba za mawe za Lamu, nyingi kati ya zilizosimama hadi leo zikiwa za karne ya 18, zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zikashikwa na boriti za mikoko. Boriti hizo haziwezi kuvuka chumba kipana. Ndiyo maana vyumba viliishia mita mbili na nusu hadi tatu hivi kwa upana, mwenye nyumba awe tajiri kiasi gani. Majahazi yalizipeleka boriti za Lamu na za Rufiji hadi Ghuba, na huko nako zikawapimia watu upana wa vyumba. Bwana mkubwa wa Lamu aliishi ndani ya upana ambao leo tunauita wa kubanana.

Alijipanga hivi. Mlangoni pake palikuwa na daka, kibaraza kilichozama ukutani chenye viti vya mawe pande mbili. Mwenye shauri la biashara aliishia hapo, akamaliza neno lake, akaenda zake. Aliyeruhusiwa kupita alikuta tekani, kijichumba cha kupinda, ili hata mlango ukiwa wazi mpita njia asione ndani. Baada ya kupinda ndipo mwanga wa kiwanda, yaani ule ua wa katikati usio na paa, ulipompiga usoni. Toka hapo sakafu ilipanda kidogo kidogo: msana wa tini, msana wa yuu, hadi ndani kabisa, ambako ukuta ulipambwa kwa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu na kuwekwa sahani za kauri. Ukuta wenye vishubaka haugotishi jicho. Huliacha lizame kidogo, na chumba chembamba kikaonekana chenye kina.

UNESCO iliuweka Mji Mkongwe wa Lamu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya ule wa Zanzibar. Lakini mafunzo ya nyumba zile hayahitaji kibali cha mtu. Jicho lisioneshwe kila kitu kwa mara moja, basi. Nyumba inayojifunua hatua kwa hatua huonekana ndefu kuliko vipimo vyake.

Dawa hii inazifaa nyumba ambazo mlango unafunguka moja kwa moja sebuleni: fleti za Upanga na Kariakoo, chumba na sebule cha Mbagala, bedsita ya Nairobi ambako mlango unatazamana na kitanda. Huko mgeni anaingia na mguu mmoja tu, tayari ameshajua mnakula nini na nani kalala. Adabu ya hodi yenyewe inadai kona. Pwani mtoto hufundishwa apige hodi akiwa amesimama kando, asiukabili mlango, na akipiga mara tatu bila kuitikiwa aondoke. Mlango unaomwaga sebule yote nje unamnyima mpiga hodi nafasi ya kuwa na adabu.

Kwa hiyo kama kona huna, itengeneze. Rafu nyembamba isiyo na mgongo, ikisimamishwa ubavu ili kukata nusu ya njia, humpa mgeni hatua mbili za kwake kabla hajaikuta familia. Isiwe na mgongo ili mwanga upite katikati ya vitu. Isizidi usawa wa kifua, ama sivyo umejenga ukuta mwingine. Na iachie mlango ufunguke wote.

Asiye na nafasi ya rafu ana pazia, na pazia ni tekani ya mnyonge. Kosa letu ni kulitundika chini, sawa na kichwa cha mlango, kwenye waya uliolegea katikati. Lipandishe karibu na dari, liache lishuke hadi sakafuni, na uchague kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga. Mstari ule mrefu wa kitambaa huinua dari machoni, na upepo ukilipuliza kidogo, mgeni anaona kuna nyumba zaidi huko nyuma.

Magomeni walinyoosha

Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, ile ya vyumba sita ambayo bado utaiona Ilala na Magomeni, na kwa kutafuta sana siku hizi Kariakoo, ilikwenda njia nyingine. Vyumba vitatu huku, vitatu kule, katikati ukumbi mrefu ulionyooka toka kibarazani hadi uani. Hakuna kona. Ukisimama mlango wa mbele unaona kamba ya nguo kule nyuma na moshi wa jiko. Upepo unaingia huku unatokea kule, na kwa joto la Dar es Salaam la mwezi wa Januari, hilo ndilo lililoamua ramani.

Ukumbi huo ni mwembamba na hauna dirisha, lakini ukiwa mtupu na safi haubani. Siri yake ipo mwishoni, kwenye mwanga wa uani. Jicho hufuata mwanga, miguu hufuata jicho. Funga mlango wa nyuma, au rundika masufuria na gunia la mkaa mbele yake, na ukumbi ule ule unageuka handaki.

Hii ndiyo dawa ya kila aliye na kijia, kiwe cha futi sita au ishirini. Wengi wetu huanza kupamba pale mlangoni, tukaweka ua la plastiki, tukaweka fremu ya picha, na kila tulichokiweka kikaipunguza njia. Anzia mwisho wa kijia. Kama kuna dirisha huko, ondoa kinacholiziba. Kama kuna ukuta, upe kitu kimoja cha kutazamwa na taa ya kukimulika.

Kwangu mwisho wa kijia ulikuwa ukuta mtupu wenye swichi na alama za vidole vya watoto. Nilinunua kawa la ukili, lile kubwa la kufunikia sinia, lenye mistari ya zambarau na kijani, nikalitundika pale katikati na taa ndogo juu yake. Msuko wa ukili ukipata mwanga wa pembeni hutoa vivuli vyembamba vinavyozunguka mpaka kilele. Kijia hakikuongezeka hata inchi. Lakini jioni ile mke wangu alisimama mlangoni na mfuko wa nyanya, akatazama, akauliza kama nimehamisha ukuta.

Rangi mbili za mwenye nyumba

Kuna mtindo ambao kila mpangaji anaujua. Ukuta wa kijia hupakwa rangi ya mafuta ya kahawia au buluu iliyoiva kuanzia sakafuni hadi kifuani, kisha krimu ya maji kutoka hapo kwenda juu. Mwenye nyumba ana sababu yake: huku chini ndiko watoto wanakofutia mikono na pikipiki inakokwaruza, na rangi ya mafuta inafutika kwa kitambaa chenye sabuni. Ila mstari ule unaukata ukuta vipande viwili. Dari iliyokuwa juu inashuka, na kahawia inameza mwanga mdogo uliokuwapo.

Faida ya mwenye nyumba haina haja ya kupotea. Mwombe fundi rangi apake chini rangi ya mafuta, juu ya maji, lakini zote ziwe za rangi moja nyepesi: nyeupe ya maziwa, krimu, au kijani cha tangopepeta. Mng'ao utatofautiana kidogo, mstari utapotea, na mikono ya watoto itaendelea kufutika. Wazee wa pwani walipaka chokaa kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo, lakini iliwalipa: ukuta mweupe hurudisha zaidi ya robo tatu ya mwanga unaoupiga. Dari nayo iwe nyeupe kuliko kuta. Na milango ya vyumba inayofunguka kijiani ikipakwa rangi ya ukuta, kijia kinatulia. Jicho linaacha kuhesabu milango.

Mwanga unafuata. Vijia vingi vina balbu moja katikati ya dari, na mara nyingi ni ile yenye weupe wa kibuluu unaomfanya kila anayeingia aonekane mgonjwa. Soma boksi kabla ya kulipa. Namba ya 2700 au 3000, ikifuatiwa na herufi K, ni mwanga wa manjano kama wa jioni. 6500 ni ule wa zahanati. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60, kwa hiyo LUKU haitalalamika ukiongeza taa ya pili. Ielekeze taa hiyo ukutani badala ya usoni mwa mtu. Ukuta ukiwaka, upana unaongezeka.

Kioo kilichosalimia jirani

Kila mtu atakuambia uweke kioo, na ni kweli kinasaidia. Mimi nilikiweka mwisho wa kijia, kimeukabili mlango, kabla sijaijua habari ya kawa. Siku ya pili jirani aliingia kuomba kiberiti, akamwona mama mmoja anamjia mbio mbio, akarudi nyuma, akasema, "Samahani, kumbe una mgeni." Tulicheka, lakini hakuwahi kuzoea. Na jioni jua la magharibi lilipita mlangoni, likakipiga kioo, likarudi machoni mwa aliye nje.

Kioo kinafanya kazi kikiwa ubavuni. Hapo kinaurudisha ukuta wa pili nyuma, na mtu anayepita anajiona kwa pembeni bila kushtuka. Kitundike pale kitakapotazamana na kitu kizuri au chenye mwanga, kwa sababu kioo hakichagui: kikitazama rundo la viatu, utakuwa na marundo mawili. Kirefu chembamba, futi moja na nusu kwa futi nne, kinashinda vioo vinne vidogo. Mwenye ushungi wa kuurekebisha na mwenye tai ya kunyoosha wote watakishukuru asubuhi.

Sakafu ina kanuni ya namna hiyo hiyo: mistari michache. Kigae kimoja kikianzia mlangoni na kuendelea hadi sebuleni bila kukatwa, jicho halioni mpaka. Anayejenga achague vigae vikubwa, maana viungo vinakuwa vichache. Mpangaji asiyeweza kugusa sakafu atandike mkeka mwembamba unaofuata urefu wa njia, na auwekee kitu cha mpira chini yake. Mkeka unaoteleza mlangoni umewahi kuvunja nyonga za wazee wengi.

Kisha utazame mlango wenyewe. Mlango wa sentimita 80 unaofunguka kwa ndani unahitaji robo duara ya nafasi kila unapozunguka, na mara nyingi unafungukia upande usiofaa, ukaja kusimama katikati ya njia. Fundi seremala anaweza kuhamisha bawaba na kitasa ili mlango ukifunguka ulale ubavuni mwa ukuta. Ni kazi ya nusu siku. Hakuna zulia wala kioo kitakachokupa nafasi halisi kama hiyo.

Benchi la futi tatu

Sasa viatu. Kwa watu wanne nilihesabu jozi 14 mlangoni, na viatu viwili visivyo na mwenzake. Tukapitisha sheria ya nyumba: kila mtu ana jozi moja mlangoni, ile anayoivaa wiki hii, na ndala zake. Nyingine zilale chumbani. Sheria ilipitishwa kwa kura tatu dhidi ya moja, na huyo mmoja ana miaka sita na viatu vyake vya mpira.

Seremala wa mtaani kwetu alinitengenezea benchi la mbao za paini, urefu futi tatu, kimo sentimita 45, kina sentimita 30. Kimo hicho ni cha kiti cha kawaida, kwa hiyo mtu mwenye magoti mabaya anakaa na kuinuka bila kushikwa mkono. Chini yake kuna mbao moja ya kati: viatu chini, ndala juu. Nyuma na pembeni hakuna kitu. Tulikataa kabati la kufungwa kwa sababu mbili. Viatu vya jasho vikifungiwa katika joto letu vinanuka, na mguu wa benchi unaoiacha sakafu ionekane chini yake unaidanganya akili kwamba nafasi inaendelea. Jumla, benchi na vibanio na balbu na lile kawa, sikufikisha laki moja.

Ukutani juu ya benchi vipo vibanio vitano tu. Vitatu kwenye usawa wa mkono wa mtu mzima, viwili kwenye kimo cha mita moja kwa ajili ya mabegi ya shule. Mtoto hatundiki begi asikofika, analitupa. Pembeni kuna kirafu cha upana wa kiganja, cha funguo na chenji ya bodaboda, ndicho kidaka changu. Ningependa kukichimba ukutani kama wa Lamu, lakini kuta zetu ni za tofali za inchi tano au sita, na nyaya za umeme zimepita humo. Afadhali kitokeze kidogo kuliko kuamka na nyufa.

Mlango wa kuingilia ni wa kutokea pia

Kuna jambo ambalo mapambo yasitusahaulishe. Katika nyumba nyingi za kupanga, ukumbi wa kati hugeuka karakana usiku: pikipiki zinaingizwa ndani kwa kuogopa wezi, mitungi ya gesi inawekwa mlangoni kwa sababu ndipo muuzaji anapoishusha, na jiko la mkaa linasukumwa ndani mvua ikianza. Pikipiki ina petroli kwenye tangi. Moto ukianzia hapo, watu wa vyumba sita wana njia moja tu, na ndiyo inayowaka. Ukiongeza grili yenye kufuli ambalo ufunguo wake anajua ulipo mtu mmoja, hesabu imekamilika.

Wapangaji wa nyumba moja wakikubaliana pikipiki zifungwe kwa mnyororo uani, mtungi mtupu usilale kijiani, na ufunguo wa grili uwe na msumari wake unaojulikana na wote hata watoto, watakuwa wamepata nafasi na usalama kwa mkutano mmoja wa nusu saa. Kijia ambacho mtu anaweza kukikimbia gizani bila kujikwaa ndicho hicho hicho ambacho mgeni atapita na kiroba.

Hatua moja kabla ya hodi

Karibu huanza nje. Baraza la Zanzibar lilijua hilo: kiti cha jiwe kinachofuata ukuta wa nyumba, ambacho mchana ni cha kupumzikia, jioni ni cha bao na kahawa, na mvua ikijaza njia ni cha kupitia watu wasilowe. Ni mali ya mwenye nyumba, lakini hakai peke yake. Wengi wetu hatuna baraza. Tuna hatua moja ya saruji na pengine nafasi ya ndoo mbili.

Hatua moja inatosha kwa mambo matatu. Taa, ili mgeni wa usiku asibahatishe kitasa. Kikanyagio kizito cha nyuzi za nazi, kipana kama mlango wenyewe, maana kile kidogo cha katikati hakimfai mwenye matope na kinaufanya mlango uonekane mwembamba. Na kitu kinachoota. Mrehani kwenye kopo la rangi lililotobolewa chini unatosha, mradi upate jua la nusu siku. Ukipita na gauni likaugusa, harufu inaingia nawe ndani. Wanaopenda udi wanajua chetezo huwashwa robo saa kabla ya mgeni kufika na kuondolewa anapofika, ili akute harufu, asikute moshi.

Yaliyobaki ni ya kila siku. Mlango haupangwi ukaisha kama unavyopaka rangi ukaisha. Kila jioni kijia changu kinarudi kuwa uwanja wa vita: begi moja chini, kiatu kimoja juu ya benchi, na mwavuli unaochuruzika maji. Madumu nayo bado yapo, kwa sababu maji hayatoki kila siku na siwezi kuyahamishia hewani. Yalichopata ni mahali pao, kwenye kona nyuma ya mlango uliohamishwa bawaba.

Shangazi alirudi mwezi wa Agosti, na kiroba kingine. Safari hii mlango ulifunguka wote, kijana wa bodaboda akapita bila kugeuka ubavu, akakiegemeza ukutani chini ya kioo. Shangazi alivua viatu amekaa. Akatazama kawa kule mwisho, akauliza kama siku hizi tunafunika ukuta usiingie nzi. Nikamwambia twende sebuleni, chai ipo tayari.

Hakuinuka. Jirani wa kiberiti alikuwa amechungulia kumsalimu, akasogezewa nafasi kwenye benchi, na shangazi akachomoa kisu kwenye mkoba akaanza kumenya chungwa la kwanza. Wakazungumza habari za Muheza, bei ya nauli na watoto wa siku hizi. Chai ikaletwa hapo hapo, ikawekwa katikati yao kwenye mbao za paini. Sebule, na makochi yake niliyoyalipia kwa miezi saba, ilibaki tupu mpaka magharibi.